Fundi Sauti na Kabati la Mabomu

Katuni huzaliwa bubu. Watu wanaoketi ukumbini wakitafuna bisi hawalifikirii hilo. Sungura aliyechorwa hana uzito wa kukanyagia, mlango uliochorwa hauna bawaba za kulia, na mvua iliyochorwa inaweza kunyesha mwaka mzima isisikike hata tone. Lazima apatikane mtu wa kujifungia chumbani na kuzua kila mlio kwa mikono yake, na katika mji ule mtu huyo alikuwa Kishindo.

Jina hilo alipewa na wachoraji, kwa utani, maana mwenyewe alikuwa mkimya na mwembamba, tena anakanyaga polepole utadhani anaiomba sakafu radhi. Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo nyuma ya nyumba. Ukutani kapigilia magodoro, dirisha kaliziba kwa blanketi, na kati ya meza na mlango hapakuwa na mahali pa kugeukia. Kulikuwa na mabeseni ya mchanga na kokoto kwa ajili ya nyayo. Kulikuwa na viatu vya kila aina, vingi mguu mmoja mmoja. Glovu mbili za ngozi, ukizipiga kwa pamoja, zilikuwa mabawa ya ndege. Makaratasi ya pipi yalikuwa moto. Karoti mbichi zilikuwa mifupa inayovunjika, na zikishamaliza kuvunjika zilikwenda jikoni, maana mkewe Kishindo hakuwa mtu wa kutupa chakula kwa sababu ya sanaa.

Pembeni kabisa lilisimama kabati la mbao, la kurithi kwa marehemu baba yake. Ndani yake Kishindo alining'iniza bati na mnyororo, akategesha na maikrofoni. Alikuwa akiufungua mlango, anaupiga teke ukajifunga, kisha mlio ule anaupunguza mwendo kwenye kompyuta. Likatoka bomu, na bomu la kukutoa jasho. Ndege za vita alizitengeneza kwa feni ya mezani na kipande cha kadibodi.

Mabomu hayo yaliagizwa na mwongozaji, mama mmoja mrefu aliyevaa miwani utosini na kushinda akiitafuta. Filamu yake ilisimulia vita vya zamani, vya enzi za babu zao. Mtoto wa kike amebaki peke yake katika mji unaopigwa, hana ndugu ila kuku mmoja, na wamejificha wote wawili kwenye shimo chini ya duka la mikate.

"Nataka watu wakumbuke," mwongozaji alimwambia siku ya kwanza. "Kizazi hiki kinadhani vita ni mambo ya kwenye katuni."

"Na sisi tunawatengenezea katuni," Kishindo akajibu.

Mwongozaji hakucheka. Alikuwa mtu wa kuchukua mambo kwa uzito, na katika hili pengine alikuwa na haki.

Sasa Kishindo alikuwa na binti mmoja tu, wakimwita Nukta kwa udogo wake. Wakati huo alikuwa ameng'oka meno ya mbele na ana maneno kuliko kasuku. Siku aliposikia kabati kwa mara ya kwanza alilia mpaka akapaliwa. Kishindo akamshika mkono, akamfungulia mlango, akamwonyesha bati na mnyororo.

"Umeona? Hakuna bomu humu. Kuna kabati tu."

Nukta akatazama, akagusa mnyororo, akafuta kamasi. Kilio kikaishia hapo. Kutoka siku hiyo ukazaliwa mchezo. Kishindo alimfunga mtoto kitambaa machoni, akatoa mlio, akauliza, "Nimetumia nini?" Nukta akajibu: glovu, mchanga, karatasi la pipi. Alikuwa hakosei. Na bomu likilia alijibu kabla halijaisha kuvuma: "Kabati!" Mara nyingine Kishindo alimtega. Alikodoa macho, akamshika mabega na kumtikisa: "Kimbia Nukta! Hili si kabati, ni bomu la kweli!" Basi hapo mtoto alicheka mpaka akaanguka chini, na baba naye akacheka. Yashike maneno hayo, msomaji, maana Kishindo aliyatumia ovyo, na siku ya kuyahitaji ikaja.

Hata radi ilipopiga usiku Nukta aligeuka tu kitandani akasema, "Kabati la Mungu," akaendelea kulala. Kishindo alilisimulia hilo kwa kila aliyekutana naye. Baba gani asingevimba kichwa? Watoto wa wenzake waliogopa mende.

Mkewe hakucheka sana. Yeye alikuwa mkata tiketi katika stendi kuu ya mabasi, na mkata tiketi huona mambo kabla hayajafika redioni. Jioni moja alivua viatu, akakaa akajishika tama.

"Leo watu wamepanda na magodoro," alisema.

"Wanahama."

"Wote siku moja?"

Baada ya muda akaja na jipya. "Leo kuna familia imepanda na mapazia, Baba Nukta. Wameyakunja vizuri, mama kayapakata. Mtu anaweza kwenda na godoro akarudi nalo. Anayeng'oa mapazia harudi."

Kishindo alimwambia asianze kujitia presha. Redio ilikuwa ikisema mambo yako shwari. Duka la dawa mtaani lilikuwa limefungwa kwa ukarabati, ndivyo kibao kilivyosema, ila hakuna fundi aliyeonekana akikarabati kitu. Jirani wa kulia alibandika utepe wa gundi kwenye vioo vya madirisha, alama ya kuzidisha kila kioo, na alipoulizwa alisema ni kwa sababu ya upepo. Hapakuwa na upepo.

Kisha shule ikaita wazazi. Walimu walikuwa wamefanya mazoezi ya hatari: kengele inalia, mwalimu anapiga debe mlangoni, watoto wote chini ya madawati. Wote waliingia chini, isipokuwa mmoja aliyekwenda moja kwa moja hadi mlangoni akamwambia mwalimu, "Hilo ni debe, na umelipiga kwa mpini wa ufagio."

"Mzee, mwanao ana akili, sikatai," mwalimu alisema, na hakuwa anatania. "Lakini akili hiyo itamuua."

Kishindo alicheka njia nzima kurudi nyumbani. Mkewe alitembea mbele yake.

Kazini nako kulikuwa na kitu kilichokwama. Filamu ilikaribia kwisha, ila sehemu moja mwongozaji aliikataa kila alipoletewa. Ni pale mabomu yanapopita juu ya duka la mikate, mtoto amemkumbatia kuku gizani, na hakuna kinachosikika ila pumzi yake. Kishindo alirekodi pumzi yake mwenyewe. Akarekodi ya mkewe. Wakamlipa mwigizaji mzima, akahema mpaka akapata kizunguzungu.

"Hawa wote wanajua baada ya hapa kuna chai," mwongozaji alisema. "Nataka mtoto asiyejua kama kuna baadaye. Si una binti? Mrekodi."

Akamrekodi. Nukta alishikwa na kwikwi kwa kucheka.

Bomu la kwanza la kweli lilianguka mchana, upande wa daraja. Kishindo na Nukta walikuwa uani wanaanika nguo. Ardhi ilitetemeka, vikombe vikagongana jikoni, kunguru wote wa mtaa wakaruka kwa pamoja bila kulia. Nukta akapiga makofi.

"Kabati!" Kisha akamtazama baba yake, aliyekuwa amesimama palepale na kibanio mkononi, mbali na stoo. Akafikiri kidogo. "Kuna baba mwingine anafanya kazi," akasema. "Kabati lake kubwa kuliko letu."

Kishindo alikitupa kibanio. Alipiga magoti, akamshika mtoto mabega. "Nukta, nisikilize. Hilo si kabati. Ni bomu la kweli. Ukilisikia tena, kimbia ujifiche."

Nukta alicheka mpaka akaanguka juu ya nguo zilizolowa.

La pili lilianguka karibu zaidi, na safari hii Kishindo alikuwa stoo, masikio yamezibwa na visikizi vyake vya kurekodia, hana habari. Mkewe ndiye aliyekuwa anaingia mtaani akitoka kazini. Watu walikuwa wamejitupa kwenye mtaro, wamefunika vichwa, wanapiga kelele, na katikati ya barabara kuna mtoto mmoja mdogo anakimbia kwa furaha kuelekea kwenye moshi. Alimdaka kwa gauni pale kwenye kona, gauni likachanika.

Aliingia stoo akiwa amembeba. Hakupiga kelele. Kishindo angependa apige kelele.

"Alikuwa anakwenda kutafuta kabati," alisema. "Baba Nukta, umenifundishia mwanangu kufa."

Halafu akalia, na Kishindo akasimama pale katikati ya viatu vyake vya mguu mmoja.

Bosi wa stendi alikuwa amemwahidi mama huyo nafasi kwenye basi la wafanyakazi, siku yoyote barabara ikifunguliwa. Mpaka hapo ni kusubiri. "Na mpaka hapo," mkewe alisema alipotulia, "mimi nitakuwa stendi, wewe utakuwa hapa. Uliyemfundisha kutoogopa ni wewe. Mfundishe kuogopa."

Ni jambo la ajabu kumwomba baba, lakini ndivyo mambo yalivyokuwa yamefika.

Alianza na filamu yenyewe. Si ilitengenezwa ili watu waelewe? Alimkalisha Nukta mbele ya kompyuta, akampa picha na sauti zote, bila mzaha, bila kusimamisha. Mji ukaungua. Kuku akapigapiga mabawa gizani. Mtoto aliyechorwa akakaa amekumbatia magoti, midomo imekauka, akalia machozi makubwa ya rangi ya maji. Kishindo mwenyewe alijikuta anameza mate, na yeye ndiye aliyeitengeneza.

Nukta alitazama mpaka mwisho, ananyoosha kidole. "Feni. Mchanga. Kabati. Karatasi la pipi. Glovu za Baba." Kisha akauliza, kwa huruma kabisa: "Huyu mtoto mbona analia? Hakuna aliyemwonyesha kabati?"

Alijaribu ukali. Alibweka, akagonga meza, akamwambia atamchapa. Nukta alimsikiliza kwa makini akasema, "Hapo unatumia koo." Alijaribu kumsimulia watoto waliokufa, ila alipofika kwenye kufa ulimi ulimshinda, akamalizia kwamba walikwenda safari. Nukta akataka kujua kama na wao walichukua mapazia. Usiku ule Kishindo alimtazama akiwa amelala, mikono na miguu ameitawanya kitandani, kalala kama mtu mwenye mji, na akaona uchungu kuwa siku zote alidhani ule ni ujasiri. Mtoto hakuwa jasiri hata kidogo. Alikuwa amedanganywa, tena na mtu anayempenda.

Siku yake ya mwisho mjini mwongozaji alipiga simu. Anaondoka kesho, anaibeba filamu kwenye begi, ataimalizia huko atakakofika. Anaiomba ile pumzi leo, yoyote ile, hata ya kwikwi. Kishindo akawasha mashine, akamweka Nukta chini ya meza, maikrofoni karibu na mdomo.

"Jifanye umejificha," alimwambia.

"Nimejificha, nani ananitafuta?"

"Hakuna. Hema tu."

Nukta akahema mara mbili, akaanza kucheka. Ndipo ukaja mngurumo kutoka mbali, juu.

"Feni," Nukta akasema.

Kishindo aliitazama feni. Ilikuwa rafuni, waya umezungushwa shingoni, haijachomekwa. Mngurumo ukakua. Ukawa hausikiki tena masikioni, unasikika kwenye meno. Kishindo akajitupa chini ya meza, akamvuta mtoto kifuani, na dunia ikapasuka.

Magodoro yalimwagika kutoka ukutani. Taa ikafa. Mabeseni, viatu, glovu, vyote viliruka na kuanguka, na lile kabati la marehemu baba yake lililala kifudifudi mbele yao likafunga njia. Mchanga ukawa unashuka kutoka darini, taratibu.

"Kabati," Nukta alisema gizani. Lakini alisema kwa sauti ya kuuliza.

Kishindo alitaka kumjibu. Alifungua mdomo, meno yakagongana. Alijitahidi kujikaza kisabuni mbele ya mwanawe kama alivyozoea, lakini mwili ulikataa. Ulitetemeka wenyewe. Nukta, aliyebanwa pale kifuani, akatega sikio. Alikuwa amesikia mlio asioujua. Akaurudia mchezo wao, maana ndio uliokuwa mkononi mwake.

"Baba. Hii umetumia nini?"

Kishindo alitafuta utani. Maisha yake yote hakuwahi kuukosa. Safari hii haukuwepo.

"Sijatumia kitu," akasema. "Ni moyo wangu. Naogopa, mwanangu."

Nukta akangoja. Alikuwa anangoja kicheko, kwa kuwa kicheko huja baada ya maneno kama hayo. Hakikuja. Ukaja mkono wake mdogo, ukapapasa gizani, ukapata kidevu cha baba yake, ukapanda, ukakuta mashavu yamelowa. Ukakaa hapo.

Na hapo ndipo pumzi yake ilipobadilika. Iliingia fupi, ikakatika katikati, ikatoka vipande vipande, kisha ikasimama kabisa, kana kwamba mtoto anajaribu kuwa hayupo. Kishindo alikuwa na masikio ya kazi, hana jinsi ya kuyaziba. Alisikia ni ile, ndiyo ile hasa. Bomu lililofuata lilipolia Nukta hakutaja kitu. Alichimbia kichwa kwapani mwa baba yake na kujaribu kuingia ndani.

Jioni mkewe alifika mbio, kichwa kizima vumbi, akaisukuma milango na mbao, akasogeza kabati pamoja na majirani. Alimwita Nukta. Nukta hakutoka. Alijishindilia kwenye kona ya ukuta, magoti kifuani, na mama yake mzazi alipomnyooshea mkono alirudi nyuma.

"Amejificha," mama akasema, huku machozi yanamtoka. "Asante Mungu, amejificha!"

Kishindo hakuweza kufurahi. Alikuwa anatazama taa ndogo nyekundu ya mashine ya kurekodi, iliyokuwa imelala chini ya godoro na betri yake, bado inafanya kazi.

Waliondoka na basi la wafanyakazi, wamepakatana. Walifika mji mwingine, wakapanga chumba, wakaanza kuishi kama watu wanavyoanza. Mkewe alipata kazi stendi ya huko. Mwongozaji aliwatafuta mpaka akawapata, akaiomba ile pumzi, na Kishindo akampa, baada ya kukata sehemu yenye sauti yake mwenyewe. Alifikiri sana kabla ya kutoa. Mwishowe aliona kuwa akiibania itakuwa yake peke yake, na hakuweza kukaa nayo.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Ilipofika sehemu ya shimo chini ya duka la mikate, bisi ziliacha kutafunwa. Watu wazima walilia bila kujificha. Nje, mwandishi mmoja wa gazeti, kijana mchangamfu, alimshika mkono Kishindo.

"Fundi, ile pumzi ya mtoto! Tuambie siri, umetumia nini?"

Miaka yote hilo ndilo swali alilolipenda kuliko yote. Kishindo aliitazama mikono yake.

"Glovu," akasema.

Kijana akaandika hivyo.

Chumba walichopanga kilikuwa na kabati la mwenye nyumba. Siku ya kwanza mkewe alilifunga kwa haraka, mlango ukagonga, na Nukta wakamtoa uvunguni kukiwa tayari giza. Kishindo akachukua bisibisi akang'oa milango yote ya makabati, mpaka ya jikoni. Nukta sasa amerefuka, meno yameota, na kasuku amenyamaza. Milio haitaji tena. Kikianguka kijiko, gari likipiga breki, jirani akiburuta kiti, yeye anageuka upesi na kumtazama baba yake usoni. Asipoona kitu hapo, anarudi kwenye alichokuwa anafanya. Kwa hiyo Kishindo, kuanzia asubuhi mpaka usiku, ana kazi moja ambayo halipwi: kuutunza uso wake.

Juzi walikuwa mezani, wote watatu, wanakunywa chai. Redio ilikuwa imesema mambo yako shwari. Mkewe alikuwa ametoka kazini sasa hivi, hajavua hata viatu, na alikuwa anakoroga kikombe bila kunywa.

"Nini, Mama Nukta?" Kishindo akauliza.

Hakuinua macho.

"Leo kuna familia imepanda na mapazia."

Kijiko kikaacha kukoroga. Nukta akaweka mkate chini, akamgeukia baba yake, akamtazama usoni.